Maswali ya Wasomaji: Habu Ghali na Dhamana Isiyofika Tabora

Barua nyingi za toleo hili zinazungumzia habu, yaani kitovu cha gurudumu la baiskeli, na hasa zile za bei kubwa ambazo siku hizi zinaonekana katika barabara za Tabora na Kigoma, nyingine zikiwa zimeagizwa Dar es Salaam, nyingine zimeletwa na ndugu kutoka ng'ambo, na nyingine zimefika pamoja na baiskeli za mtumba. Tumechagua barua tano. Majina ya wauzaji na watengenezaji wanaolalamikiwa tumeyaacha, kwa kuwa hatukupata nafasi ya kuwasikiliza wao pia.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Isevya, Manispaa ya Tabora. Naendesha baiskeli ya mbio, na mwisho wa wiki kundi letu hutoka kuelekea barabara ya Urambo. Mwaka jana niliagiza kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam gurudumu la nyuma lenye habu ambayo bei yake inazidi bei ya baiskeli nzima za wenzangu. Msimu wa mvua haujaisha, pedeli zikaanza kukwepa: nasimama kuongeza kasi, nakanyaga, mguu unazama bure, halafu mnyororo unashika kwa kishindo. Muuzaji anasema habu niitume mwenyewe kwa mtengenezaji, kwa gharama zangu. Mtengenezaji naye amenijibu kwamba uchakavu haumo katika waranti. Haki yangu iko wapi?

Jibu: Ndugu yangu, kabla ya kuzungumzia haki, naomba uache kabisa kusimama juu ya pedeli za baiskeli hiyo. Habu inayokwepa wakati mwendeshaji ameweka uzito wote kwenye mguu mmoja humrusha mbele ya usukani bila kumpa nafasi ya kujishika, na katika barabara yenye malori anguko la namna hiyo si jambo la kuchubuka goti tu.

Ndani ya habu nyingi za aina hiyo, upande wa gia, kuna vijino vidogo vya chuma, kwa kawaida vitatu hadi sita, vinavyosukumwa nje na springi ili vishike pete yenye meno. Ukikanyaga, vinashika, ukiacha kukanyaga, vinateleza juu ya meno, na hiyo ndiyo sauti ya kuchacharika ambayo vijana huipenda. Pedeli hukwepa pale kijino kinapochelewa kuinuka, au kinapoinuka na kushika nusu nusu. Sababu zake zinajulikana: grisi nzito iliyozuia springi, tope lililoingia, springi iliyochoka, ncha ya kijino iliyolika, au chuma chenyewe kutoka kiwandani kikiwa laini au kikavu kupita kiasi. Mtengenezaji atajitahidi kuzihesabu zile nne za kwanza kuwa ni matunzo yako, lakini ya tano ni yake peke yake.

Kwa hiyo usibishane kwa maneno kabla hujajua kilichomo ndani. Anza na picha za nje: namba ya habu ilivyochongwa, hali ya mipira ya kuzibia, na video fupi inayoonyesha gurudumu likiwa limezuiwa huku mkono ukisukuma pedeli mpaka ikwepe. Muulize muuzaji kwa maandishi kama anaruhusu fundi wako aifungue, kwa sababu dhamana nyingi hufutwa habu ikifunguliwa na mtu asiyeidhinishwa, na jibu lake, hata likiwa la maneno mawili kwenye simu, litakuwa ushahidi wako. Akiruhusu, ifunguliwe juu ya kitambaa cheupe, mchana, karibu na dirisha. Angalia grisi kabla haijapanguswa. Ikiwa na rangi ya tofali na ukiisugua kati ya vidole unahisi chembe, maji na vumbi vimeingia. Ikiwa safi na bado ina rangi yake ya awali, lakini ncha ya kijino imekatika na sehemu iliyokatika ina punje punje za kijivu, hapo una hoja nzito ya kasoro ya chuma. Na ikiwa grisi ni safi lakini nene kiasi kwamba kijino ukikibonyeza kwa ncha ya bisibisi kinarudi polepole, uliza ni nani aliyeipaka. Kama habu haijawahi kufunguliwa tangu ilipotoka kiwandani, huwezi kulaumiwa kwa grisi ya kiwandani.

Niseme na jambo moja ambalo wauzaji hulisifu sana, nalo ni idadi ya meno. Kuna habu zisizotumia vijino kabisa. DT Swiss ya Uswisi, ambayo mwaka 1995 ilichukua habu za Hügi, hutumia pete mbili zenye meno usoni zinazosukumwa zikabiliane, hivyo meno yote hushika kwa pamoja. Pete ya meno 18 humaanisha kwamba pedeli inaweza kuzunguka hadi digrii 20 kabla ya kushika, na ya meno 36 ni digrii 10. Chris King ya Marekani, kwa mfumo wake, hutumia meno 72, sawa na digrii 5. Kushika upesi kunapendeza kwa anayeruka mawe milimani. Lakini kadiri meno yanavyokuwa mengi ndivyo yanavyokuwa madogo, na jino dogo halivumilii uchafu kama jino kubwa. Kwa barabara zetu za changarawe na vumbi, mimi ningechagua meno machache na habu inayofunguka kwa mkono bila kifaa cha pekee, na fedha iliyobaki ningeiweka katika grisi sahihi na mipira ya kuzibia ya akiba.

Sasa dhamana. Soma karatasi yako mstari kwa mstari, kwa maana maneno "miaka mitano" juu ya boksi hayakuambii lolote. Dhamana ya kawaida ya habu humlinda mnunuzi wa kwanza tu, aliyenunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa, dhidi ya kasoro ya malighafi na ya utengenezaji. Beringi, mipira ya kuzibia na mara nyingine springi huhesabiwa kuwa vitu vya kuchakaa. Kuosha kwa maji ya presha, kama tunavyozoea kufanya pale wanapooshea pikipiki, hutajwa waziwazi kuwa ni matumizi mabaya. Gharama za usafirishaji na za fundi mara nyingi hubaki kwako. Ukizijumlisha, nauli ya basi hadi Dar es Salaam, posta ya kwenda ng'ambo na ushuru unaoweza kudaiwa habu ikirudi, unaweza kukuta zinakaribia bei ya kipuri chenyewe, na ndiyo maana wengi hukata tamaa kabla hawajaanza.

Usikate tamaa bado. Wewe hukununua kwa mtengenezaji. Ulinunua kwa muuzaji wa Dar es Salaam, na mkataba wako ni kwake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaokubalika kibiashara, na pale mnunuzi alipomweleza matumizi yake na kutegemea ujuzi wake, bidhaa ifae kwa matumizi hayo. Dhamana ya mtengenezaji huja juu ya wajibu huo, na haimpi muuzaji ruhusa ya kunawa mikono. Rudi kwenye mazungumzo yenu ya simu. Kama ulimwandikia kwamba unaendesha Tabora, wakati wa mvua na wa kiangazi, naye akakujibu kwamba habu hiyo itafaa, maneno hayo yana uzito kuliko kijitabu chote cha waranti.

Mwandikie barua, na usimpigie simu. Taja tarehe ya ununuzi, namba ya habu, kilichotokea, ulichokikuta ndani, na unachokitaka: atengeneze, abadilishe au arudishe fedha. Mpe siku 14. Ambatisha picha ya risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, na kama bado hujaipiga picha, ipige leo, kwa sababu karatasi ile hufifia na baada ya miezi kadhaa huenda usione hata jumla. Asipojibu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, sheria ambayo imebeba pia ulinzi wa mlaji. Usipunguze wala usiongeze chumvi. Eleza kama ulivyonieleza mimi.

Nami nikuambie ukweli: ukikuta tope jekundu ndani na huna rekodi yoyote ya kuihudumia habu, hoja yako itakuwa dhaifu. Hata hivyo muulize muuzaji kama alikupa kijitabu cha matunzo. Anayeuza kifaa cha bei hiyo bila kumwambia mteja kila baada ya muda gani kifunguliwe na kupakwa grisi, hana msimamo mzuri anapomgeukia baadaye na kumlaumu kwa uzembe.

Swali: Mimi ni kijana wa Sikonge. Nimenunua baiskeli ya mtumba yenye magurudumu ya gharama kubwa, na mtandaoni mtengenezaji anaandika kwamba habu zake zina waranti ya maisha. Habu ya mbele ina ufa mwembamba kwenye tundu la spoku. Naweza kudai mpya?

Jibu: Kwa kawaida huwezi. "Maisha" katika dhamana hizo hufungwa kwa mnunuzi wa kwanza mwenye risiti, na baiskeli ikishabadilisha mikono, ahadi hukatika. Hata ile haki ya miaka miwili ambayo sheria za Umoja wa Ulaya humpa mlaji ni yake dhidi ya aliyemuuzia kule, haisafiri na baiskeli hadi Sikonge. Mwandikie mtengenezaji ukimpa namba na picha, lakini omba kuuziwa kipuri kwa bei nafuu, usidai bure.

Angalia pia jinsi spoku zilivyofungwa. Kama zinatoka moja kwa moja kwenye habu hadi kwenye ringi bila kupishana, kila spoku inavuta ukingo wa tundu kuelekea nje, na habu nyingi hazikutengenezwa kwa mvuto huo. Watengenezaji kadhaa wanakataza ufungaji huo katika maelekezo yao na kuufanya sababu ya kufuta dhamana. Vyovyote iwavyo, habu ya mbele yenye ufa haiendeshwi tena. Ukingo ukiachia, spoku kadhaa hulegea kwa mara moja na gurudumu linapinda ukiwa juu yake.

Swali: Ndugu Mhariri, nafanya kazi ya kubeba mizigo kwa baiskeli hapa Kaliua: mahindi, mkaa, na msimu wa tumbaku nabeba marobota hadi ghala la chama cha msingi. Ekseli za nyuma zinanikatikia mara kwa mara. Rafiki yangu amenishauri nikusanye fedha ninunue habu ya bei ghali ya baiskeli za milimani, yenye waranti, nifunge kwenye baiskeli yangu kubwa ya kawaida. Unashauri nini?

Jibu: Nashauri usinunue, na nitakueleza kwa nini kwa urefu kidogo, maana fedha unayoizungumzia ni ya jasho.

Kwanza haitaingia. Baiskeli zetu kubwa za mtindo wa zamani wa Kiingereza zina matundu 40 ya spoku nyuma na 32 mbele, ilhali habu ghali za milimani kwa kawaida zina 32 au 28. Nafasi kati ya masikio ya fremu yako, yale yanayoshika ekseli, huenda ni milimita 110 hadi 120, na habu hizo zimetengenezwa kwa milimita 135, 142 au 148. Utalazimika kubadilisha ringi na kupanua fremu kwa nguvu, na fremu iliyopanuliwa kwa mtarimbo ndiyo hasa inayokata ekseli. Pili, dhamana hiyo haitakusaidia hata siku moja. Karibu zote hukataa matumizi ya kibiashara na uzito unaozidi kikomo kilichoandikwa, na robota moja la tumbaku pamoja na wewe mwenyewe mmeshakipita kikomo hicho.

Sasa tuitazame ekseli yenyewe, kwa sababu hapo ndipo kuna msaada. Nyingine itakapokatika, usiitupe. Safisha sehemu iliyokatika kwa mafuta ya taa uitazame juani. Ukiona sehemu moja ni nyeusi au ina kutu na nyingine inang'aa, jua kwamba ufa ulianza siku nyingi kabla na ulikuwa ukiongezeka kidogo kidogo, mpaka siku ile chuma kilichobaki kikashindwa. Ufa wa namna hiyo huanzia kwenye hesi, yaani mikato ya skrubu, karibu na koni inayobana gololi, na huletwa na kupindika kwa kurudia rudia. Ekseli hupindika kwa sababu masikio ya fremu hayatazamani sawa, au nati hazikukazwa barabara, au koni zimelegea. Ikiwa uso wote uliokatika unang'aa, basi ilikatika kwa pigo moja, na hapo ulizidisha mzigo au uliingia shimoni kwa kasi.

Wenye viwanda waliligundua tatizo hili mapema katika baiskeli za gia nyingi. Friwili ya kuskurubu, yaani ile gia ya nyuma inayozunguka bure usipokanyaga, inakaa nje ya gololi za upande wa kulia, hivyo kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila kushikiliwa na kitu. Mwaka 1978 kampuni ya Shimano ya Japani ilileta habu ambayo friwili yake imeungana na mwili wa habu na gololi za kulia zimesogezwa nje karibu na fremu, na tangu hapo kupindika kwa ekseli kukapungua sana katika baiskeli za aina hiyo. Baiskeli yako ina friwili moja nyembamba, kwa hiyo kipande kinachoning'inia ni kifupi, na ekseli ya kawaida ya chuma kizuri inatosha kabisa iwapo fremu imenyooka.

Mwambie fundi afunge bolti mbili ndefu kwenye masikio ya fremu bila gurudumu, aone kama ncha zake zinakutana. Zisipokutana, masikio yanyooshwe kabla ya kununua ekseli nyingine. Gololi za nyuma ziwe za robo inchi, tisa kila upande, mpya zote kwa pamoja, kwa sababu ukichanganya mpya na kuukuu, mpya ndizo zinazobeba mzigo wote. Koni zikazwe mpaka gurudumu lisicheze ukilishika ringi na kulitikisa ubavuni, lakini lizunguke lenyewe hadi tundu la valvu likae chini. Mwisho, tazama keria yako. Mzigo uliokaa nyuma ya ekseli huinua gurudumu la mbele na kuibonda ekseli kwa kila tuta, kwa hiyo usogeze gunia mbele mpaka liguse tandiko. Kazi hii yote haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya habu uliyoshauriwa.

Swali: Kaka yangu anayeishi Ujerumani ameniletea hapa Ujiji baiskeli yenye habu ya Rohloff ya gia 14, zote ndani. Nimeona mafuta kidogo nje ya habu. Je, imeharibika? Na waranti yake naweza kuitumia kutoka Kigoma?

Jibu: Unyevunyevu wa mafuta kwenye habu hiyo, hasa baada ya baiskeli kusafirishwa ikiwa imelazwa, si dalili ya kuharibika. Hiyo ni Speedhub 500/14, inayotengenezwa tangu mwaka 1998, ambayo gia zake zinafanya kazi ndani ya mafuta. Mtengenezaji anaelekeza mafuta yabadilishwe kila kilomita 5,000 au angalau mara moja kwa mwaka, kwa mafuta yake maalumu ya kusafishia na ya kujazia. Usitie oili ya injini wala grisi. Wasafiri wengi wanaovuka bara letu kwa baiskeli huichagua habu hii kwa sababu gia zake zote zimefunikwa, kwa hiyo tope na vumbi vinavyotafuna gia za nje havizifikii. Wazee wa Ujiji waliowahi kuendesha Raleigh yenye habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer, aina iliyoanza Nottingham mwaka 1902, watalielewa jambo hili upesi kuliko vijana: habu ya gia za ndani huishi muda mrefu mno ikipewa mafuta yake, na hufa kimya kimya ikinyimwa.

Kuhusu dhamana, mwenye haki ni kaka yako, dhidi ya aliyemuuzia kule. Risiti ikiwa ya jina lake, dai liandikwe na yeye, na habu ikihitajika kurudishwa, yeye ndiye aipeleke. Kwa hiyo hifadhi namba ya habu na nakala ya risiti, na kila akija nyumbani alete seti ya mafuta. Usiioshe baiskeli kwa kuitumbukiza ziwani hadi kwenye ekseli kama vijana wanavyofanya na baiskeli nyingine. Habu iliyopata joto la jua ikiingia ghafla katika maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na maji huvutwa ndani kupitia mipira ya kuzibia.

Swali: Shikamoo Mhariri. Mimi ni muuguzi Nzega, naenda kazini kwa baiskeli ya kisasa niliyonunua mpya hapa nchini. Habu ya nyuma ni ya aina inayosifiwa sana, lakini beringi ya upande wa kulia imeshakufa mara tatu, ya kushoto haijaguswa. Fundi anasema atanunua beringi kwenye duka la spea za pikipiki. Waranti haitafutwa? Na beringi hizo zinafanana kweli?

Jibu: Marahaba, dada. Swali lako nimelipenda kwa sababu limetaja kwamba ni upande mmoja tu, na jambo hilo lina maana kubwa kuliko unavyodhani.

Kuhusu kufanana: beringi za habu za kisasa hutambuliwa kwa namba iliyoandikwa kwenye mpira wake wa pembeni, na namba hiyo ni ya kimataifa. Ukiona 6902-2RS, maana yake ni tundu la milimita 15, kipenyo cha nje milimita 28, unene milimita 7, na mpira wa kuzibia pande zote mbili. Namba hiyo ni ileile hata kama imenunuliwa kwenye duka la pampu za maji. Lakini beringi zilizozoeleka katika magurudumu ya pikipiki, kama 6301 au 6302, ni nene na pana zaidi, hivyo fundi asikuletee ya "kukaribiana". Akikuta alama C3 baada ya namba, ajue kwamba ndani yake ina uwazi mkubwa kidogo kuliko ya kawaida na gurudumu linaweza kucheza kidogo. Jihadharini pia na bandia. Kampuni ya SKF ya Sweden imetoa programu ya simu ya kusaidia kuhakiki beringi zenye jina lake, jambo linalokuonyesha jinsi ughushi ulivyoenea. Kubadilisha beringi ya namba sahihi ni matunzo ya kawaida. Hata hivyo, mpaka muuzaji akujibu kwa maandishi, fundi asiguse habu yako.

Nasema hivyo kwa sababu beringi inayokufa mara tatu mahali pamoja, huku mwenzake wa kushoto akiwa mzima, hunifanya niitilie shaka habu yenyewe. Kuna vipimo viwili ambavyo fundi mwangalifu anaweza kuvifanya mbele yako. Cha kwanza: beringi mpya inapaswa kuingia kwa kubanwa. Ikiingia kwa kusukumwa na kidole gumba na kutoka vivyo hivyo, tundu la habu limekuwa kubwa, na beringi imekuwa ikizunguka ndani ya alumini na kujiua. Kipimo cha venia, kile cha kupimia sehemu za milimita, kitaonyesha, kwa kuwa tundu la beringi ya milimita 28 halipaswi kufika 28 kamili. Cha pili: beringi zote mbili zikishaingia, zungusha kila moja kwa kidole kabla ya kutia ekseli. Zikizunguka laini, kisha ekseli ikiingia zikawa nzito, matundu mawili hayajachongwa katika mstari mmoja, na hakuna beringi duniani itakayodumu humo. Tundu kubwa linaweza pia kuletwa na ufundi mbaya, kwa hiyo muuzaji atauliza ni nani aliyezitoa zile za awali na kwa njia gani. Matundu yasiyonyooka hayaletwi na nyundo ya fundi yeyote. Hayo ni ya kiwandani.

Mwulize fundi alivyoziingiza. Beringi husukumwa kwa pete yake ya nje, kwa soketi ya kipenyo hichohicho na bolti ndefu yenye washa, polepole, ikiwa imenyooka. Ikigongwa katikati kwa nyundo na tindo, nguvu yote hupita kwenye gololi zake, zikaacha vishimo visivyoonekana kwa macho, na beringi mpya inaanza maisha ikiwa imekwisha kujeruhiwa. Kama ndivyo alivyofanya, ni vema akiri sasa, kwa kuwa mkaguzi wa mtengenezaji atayaona makovu ya tindo ndani ya habu.

Vipimo vikionyesha kasoro, mwandikie muuzaji kwa utaratibu nilioueleza kwa ndugu wa Isevya, na udai habu nzima au gurudumu zima, kwa maana beringi nyingine ya nne haitatibu kitu. Beringi zilizotolewa, hata zilizovunjika, ziweke katika mfuko mmoja, kila moja na kikaratasi cha tarehe iliyotolewa na jina la duka ilikonunuliwa, na usimkabidhi mtu yeyote mfuko huo bila kusainiana.